Papa Ézéchias, Mpiga Mihuri wa Tovuti

Nilifanya kazi chini ya Papa Ézéchias Numbi, papa kama tunavyomwita kila mzee, kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata mara moja akifungua ukurasa wa wavuti kwa mkono wake mwenyewe. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwakilishi wa mkoa mzima wa Haut-Lomami katika Ofisi ya Taifa ya Kanuni za Wavuti. Kazi ya ofisi hiyo, kwa mujibu wa karatasi zake yenyewe, ilikuwa kuwashawishi watengenezaji wa tovuti wafuate kanuni ambazo dunia imekubaliana, ili ukurasa mmoja usomeke na kila mtu, kwa simu yoyote, hata na asiyeona.

Hakuwa mwizi. Watu wanaponiuliza habari zake husubiri nitaje wizi, nami nawavunja moyo. Mwizi angalau anajua anachokitaka na huondoka akishakipata. Papa Ézéchias alitaka kuheshimiwa tu, na kwa kuwa heshima haimjazi mtu, hakuondoka.

Alizaliwa hapa hapa Kamina, katika nyumba ya Wamethodisti, mtoto wa mkurugenzi wa shule ya msingi. Baba yake aliwafundisha watoto wake mwandiko mzuri na mambo mengine mengi. Ézéchias alishika mwandiko. Alipomaliza shule aliingia ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, akakaa huko miaka ishirini na miwili. Mtu akileta fomu iliyojazwa kwa wino mweusi badala ya bluu, alirudishwa. Mama yangu mdogo, Amisa, alirudishwa mara tatu kwa sababu ya nukta mbili juu ya herufi moja ya jina la mtoto wake. Mara ya nne mtoto alikuwa ameanza kutembea, akaingia ofisini kwa miguu yake.

Mwaka 2019 ilikuja barua kutoka Kinshasa. Ofisi ya Taifa ilikuwa inafungua matawi mikoani na ilitafuta mtu mwenye uzoefu wa kanuni. Wakubwa wa mkoa walisoma neno kanuni, wakamkumbuka mtu mmoja tu aliyezipenda kanuni kuliko watu. Neno la pili, wavuti, sidhani kama kuna aliyelisoma.

Tulipewa vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni. Kinshasa ilituma kompyuta. Papa Ézéchias aliifunika kwa kitambaa kilichodariziwa na mke wake, ikabaki hivyo. Mimi niliajiriwa kuwa fundi. Jina langu ni Mwajuma. Kwetu ni watu wa Maniema, wafanyabiashara tangu babu zetu walipopita njia hizi na mizigo yao, na baba yangu, mzee Abedi, anauza vitenge sokoni mpaka leo. Alinipeleka Lubumbashi kusoma informatique, elimu ya kompyuta, nikawa wa kwanza katika ukoo wetu kukaa mbele ya meza ya serikali badala ya nyuma ya meza ya duka. Alijisifu kwa hilo soko zima. Nalitaja kwa sababu ndilo lililonifanya nibaki.

Wiki ya kwanza nilijaribu kumweleza bosi wangu kazi yetu ni nini.

"Papa, muntu mwenye haone, telefone yake njo inamusomea," nilimwambia. "Sasa kama picha haina jina, telefone haina kitu ya kusema. Kama bouton ya kufinya haina jina, inasema paka 'bouton', basi. Ile njo kanuni ya kwanza."

Alinisikiliza huku akifuta miwani.

"Mwajuma, ile ni mambo ya bafundi. Shiye tuko administration. Administration inafanyaka nini? Inakubali ao inakatala. Na kama inakubali, inapiga kashe."

Akaenda sokoni akachongesha muhuri wa mpira, wenye ramani ya mkoa katikati na neno CONFORME, yaani inafuata kanuni, limezunguka. Kuanzia hapo ndivyo tulivyokuza kanuni za kimataifa mjini Kamina: mwenye tovuti alichapisha ukurasa wake wa kwanza kwenye karatasi, akauleta ofisini, Papa Ézéchias akautazama. Alitazama pambizo. Alitazama Kifaransa, kama kuna herufi iliyokosa alama yake. Alitazama kama bendera imewekwa juu au chini. Akiridhika alipiga muhuri, akaandika cheti kwa ule mwandiko wa baba yake. Hoteli moja aliikatalia miezi minne kwa kuwa mtu aliyeonekana kwenye picha ya mapokezi hakuvaa tai. Walimvalisha mtu tai, wakapiga picha upya, wakapata cheti.

Kila baada ya miezi mitatu aliandika ripoti kwenda Kinshasa kwamba mkoa uko sawa kwa asilimia mia moja. Kinshasa walifurahi. Kwenye ramani yao walitupaka kijani. Kila mwaka tulifanya semina, na kwaya, na maji ya chupa, na wageni waliopigiwa makofi kwa kufika tu. Mimi nilishika kipaza sauti.

Mwaka wa kwanza nilimwandikia maelezo marefu juu ya kila ukurasa, akayaweka kwenye faili. Mwaka wa pili nikaandika mafupi. Mwaka wa tatu nilikuwa nimejifunza kuchapisha kurasa zenye pambizo nzuri, ili watu wasirudishwe, na nilijiona mwema kwa hilo.

Kisha ikaja mwaka 2024 na hesabu ya walimu. Idara iliyohusika ilitengeneza tovuti ambapo kila mwalimu wa mkoa alitakiwa kuthibitisha mwenyewe kwamba yupo na anafundisha. Asiyethibitisha kabla ya mwisho wa Juni angefutwa kwenye orodha. Papa Ézéchias aliupigia ukurasa huo muhuri mwezi wa tatu, mbele ya wapiga picha, na siku hiyo alivaa suti yake ya harusi.

Mwanzoni mwa Juni mlango wetu ulibishwa na Mwalimu Jessé Kabulo. Anafundisha historia katika shule ya Wamethodisti upande wa pili wa reli. Surua ilimpofusha akiwa na miaka tisa. Alikuja peke yake kwa pikipiki ya taxi-moto, akakunja fimbo yake akaiweka kwapani, akasalimu kwa Kiluba kwanza kama afanyavyo mtu mwenye adabu, ndipo akaingia kwenye Kiswahili. Yeye na Papa Ézéchias walisali kanisa moja.

"Papa, nimejaribu ile site siku ine," alisema. "Telefone inasoma muzuri mpaka mu katikati. Kisha inasema 'bouton, bouton, bouton'. Bouton tatu. Minyi sijue ya kukubali ni gani, ya kufuta ni gani. Jana nilifinya moja, yote yenye niliandika ikapotea."

"Mwalimu, ile site iko conforme," Papa Ézéchias alimjibu.

"Conforme na nini?"

"Na kanuni za kimataifa."

Akavuta droo, akatoa nakala ya cheti, na hili nililiona kwa macho yangu mwenyewe: akamnyooshea.

"Ona weye mwenyewe."

Jessé alisikia karatasi ikimgusa mkono, akaipokea. Alipitisha vidole kwenye kingo zake, kisha katikati, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Nilitamani sakafu ipasuke, na nilitamani immeze bosi wangu kwanza.

"Hii ni karatasi, Papa."

"Ni certificat."

"Iko laini," Jessé alisema. "Yote iko laini, sawa ile bouton zenu."

Akaishika mbele yake, hakuiweka mezani, mpaka Papa Ézéchias akalazimika kusimama na kuichukua. Hapo bosi wangu akabadilisha sauti, akaweka ile sauti ya kutembelea wagonjwa.

"Mwalimu, si uko na bantu ku nyumba? Bibi yako, mama ya batoto, anaweza kukusaidia kiloko."

"Bibi yangu hajue kusoma. Na hata angejua. Mwalimu ni minyi, hapana yeye."

Nilimchukua nikampeleka chumba changu, nikamwambia nitamjazia. Alisita, kisha akakaa. Fomu iliuliza tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya kazi, aina ya ulemavu na tangu lini. Iliuliza watoto wangapi walio hai na wangapi waliokufa. Alinijibu yote kwa sauti ya chini. Nilikuwa simjui mtu huyu dakika ishirini zilizopita, na sasa nilijua idadi ya makaburi yake. Nilipobonyeza kukubali, alisimama.

"Sasa unajua mambo yangu yenye hata pasta hajue," alisema. "Hapana mubaya, weye ni muntu muzuri. Lakini minyi sikuomba muntu muzuri. Niliomba site."

Niliondoa kiti kwenye njia yake.

"Weye njo munene, mukubwa wa hii bureau?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Niko fundi."

"Basi fundi afanye kazi ya fundi."

Akakunjua fimbo akatoka. Siku ile ile niliandika barua kwenda Kinshasa bila kuipitisha mezani kwa bosi wangu. Nilieleza vitufe vipi havikuwa na majina. Nilieleza pia kwamba vyeti vya Haut-Lomami hutolewa kwa kutazama karatasi.

Majibu, kama kawaida ya serikali, yalitumwa kwa mtu yule yule niliyemshtaki. Lakini yalikuwa mafupi: mkaguzi atakuja tarehe fulani. Hayakusema kwa nini. Papa Ézéchias aliichukua barua kuwa ni heshima. Alikodi viti na vitambaa vyeupe vya kuvifunika, akaita kwaya, akatundika bango. Ukurasa wa walimu aliukuza ukawa na ukubwa wa mlango, pamoja na muhuri wake, akautia kwenye fremu ya mbao. Alialika walimu, Jessé akiwemo, ambaye aliwekwa safu ya pili apate kuonekana kwenye picha.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi anayeitwa Éliane, mwenye mkoba mgongoni na viatu vya chini. Alitoka uwanja wa ndege kwa pikipiki akafika kabla ya gari tulilompelekea. Hakulisoma bango. Aliuliza kompyuta iko wapi, akakivua kile kitambaa cha kudariziwa akakikunja vizuri, akakiweka kando. Kisha akafungua ukurasa wa walimu, akawasha sauti ya kusoma, akapunguza mwanga wa kioo mpaka kikawa cheusi kabisa.

"Karibu, Mkurugenzi," alisema kwa Kifaransa. "Jiandikishe kama mwalimu. Mimi nitasubiri."

Papa Ézéchias alitabasamu, akatazama kwaya, akakaa. Alijua hawezi kukataa mbele ya watu wote wale. Sauti ya kompyuta ilianza kusoma haraka haraka, naye akainama akitafuta maneno kwenye kioo ambacho hakikuwa na kitu. Nilimwonyesha vitufe vya kusogeza mbele na kurudi nyuma. Akabonyeza.

"Bouton," kompyuta ikasema.

Akabonyeza tena.

"Bouton."

"Réseau iko mubaya," alisema, akiulaumu mtandao.

"Réseau iko sawa, Papa," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitano kumpinga mbele ya watu, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa shule.

Aliendelea karibu robo saa. Alijaza jina, akajaza tarehe, akabonyeza kitufe, yote yakafutika. Akaanza upya. Yakafutika. Hakuna aliyecheka, kwaya walitazama viatu vyao. Nakiri mimi nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa safi. Nilitaka afute mara ya tatu, akafuta mara ya tatu. Mwishowe aliweka viganja vyote viwili mezani.

"Sione kitu," alisema.

Kutoka safu ya pili Jessé akajibu, bila kupandisha sauti:

"Njo vile, Papa."

Éliane aliwasha mwanga, akazungumza dakika kumi juu ya vitufe na majina yake, akashukuru. Kwaya ikaimba, kwa sababu ilikuwa kwenye ratiba.

Mchana ule, wageni walipokuwa wakila, Éliane alikaa na mimi chumbani kwangu tukapitia ukurasa. Aliuliza nani aliyeutengeneza. Nikamwambia ni kijana wa Lubumbashi anayeitwa Théo. Jina lake na namba yake ya simu vimeandikwa chini kabisa ya ukurasa.

"Ulimpigia lini?"

Namba ile ilikuwa pale tangu mwezi wa tatu. Mimi ndiye niliyeuchapisha ukurasa ule, na nilihakikisha mstari wa chini haukatwi na pambizo. Éliane hakuniuliza tena. Alimimina chai.

Nikapiga simu. Théo alipokea akiwa anatafuna.

"Bouton haina jina? Zote tatu?" alisema. "Ah, pole. Juu ya nini hamukuniambiaka?"

Chai ya Éliane haikuwa imepoa vizuri Théo alipotutumia ujumbe kwamba tayari. Tukafungua: kuthibitisha, kufuta, kurudi, kila kimoja na jina lake. Kazi ya dakika saba au nane. Nimemdharau Papa Ézéchias kwa mambo mengi, lakini siku ile nilimpisha kidogo, maana kulikuwa na mtu mwingine chumbani wa kudharau. Yeye hakujua kinachotakiwa kufanywa. Mimi nilijua miaka mitano, na nilikuwa nasubiri aniagize.

Nilidhani sasa mambo yatabadilika. Yalibadilika. Mwezi wa nane ilikuja barua ya kumwita Papa Ézéchias Kinshasa kuwa mshauri katika makao makuu, kwa ajili ya, nanukuu, uzoefu wake wa vitendo katika upimaji wa tovuti kwa njia ya wasioona. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikiwa nimekaa. Nikampigia Éliane.

"Ripoti yako ilisema nini?"

"Ilisema mkuu wa tawi alishiriki yeye mwenyewe zoezi la kutumia tovuti bila kuona," alijibu. Kisha akaongeza, kwa haya: "Ni mtu mzima, Mwajuma. Niliandika kwa adabu."

Adabu. Watu wa juu yake waliisoma hiyo adabu jinsi ilivyoandikwa, na kwa nini wasiisome hivyo? Walikuwa na ramani ya kijani na mtu aliyekaa gizani kwa ajili ya taifa.

Kanisa lilimfanyia karamu ya kumuaga. Nilikwenda na baba yangu, kwa kuwa tulialikwa kwa kadi. Papa Ézéchias alisimama, akasimulia jinsi alivyofungua tawi bila kitu, jinsi alivyopigania kila ukurasa wa mkoa huu, kisha akateremsha sauti akasema kwamba kuna siku alikubali kukaa gizani mbele ya watu wote ili ndugu zake wasioona wapate kuhudumiwa. Wamama walifuta machozi. Baba yangu alipiga makofi. Nilimtazama Papa Ézéchias usoni nikitafuta mahali ambapo anajua kuwa anadanganya, sikupaona. Aliamini. Ile robo saa ilikuwa imemwingia kama somo, akaitoa kama ushindi, na katikati hakikubaki kitu. Mwongo ningemvumilia.

Jessé alikuwepo pia, amekaa karibu na mlango. Nilipomwendea kumuuliza ameionaje hotuba, alisema kuku alikuwa mzuri.

Tangu hapo niko peke yangu kwenye vile vyumba viwili. Hawajaleta mkuu mwingine, wala hawajanipa mimi cheo. Barua za Kinshasa bado zinamwandikia Mheshimiwa Mkurugenzi. Asubuhi nafungua tovuti za mkoa moja moja na sauti ikiwa imewashwa, na palipo na namba ya simu napiga. Wengine wanatengeneza siku hiyo hiyo. Wengine wanasema nirudi wiki ijayo, nikirudi wanasema hawanikumbuki. Ile hoteli ya tai walinikasirikia kabisa.

"Certificat ya mupya iko wapi?" meneja aliniuliza.

"Hakuna tena certificat. Mutengeneze paka ile picha, muipatie jina."

"Kama hakuna certificat, tunatengeneza juu ya nini?"

Nilikata simu. Papa Ézéchias aliwajua watu wa mji wake kuliko nilivyokubali.

Mwaka uliofuata hesabu ya walimu ilirudiwa. Mwisho wa wiki ya kwanza Jessé alinipigia. Alisema amejiandikisha, yeye mwenyewe, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Nilingoja aendelee, labda aseme asante. Akaendelea.

"Lakini jina ya kijiji ya mama yangu, telefone inaisoma na Kifaransa. Inaiharibu kabisa. Na jina ya shule vile vile."

Nilimweleza kwamba ukurasa wote umewekewa alama ya kuiambia simu isome kwa Kifaransa, ndiyo maana. Kila lugha ina alama yake kwenye kanuni. Kiluba kinayo, herufi mbili tu, na ofisi yetu haikuwahi kumwambia mtu yeyote. Ila simu za leo, nilimwambia, bado hazina sauti ya Kiluba. Hata tukiweka alama, zitaendelea kukosea.

"Muweke tu," Jessé alisema. "Siku sauti inakuja, isikute hatukuandika."

Nikampigia Théo. Alikuwa barabarani, nasikia magari.

"Lu?" alisema. "L, u? Ile njo nini?"

"Kiluba."

"Ah! Kiluba iko na code?"

"Iko nayo tangu zamani. Andika."